Besi haimsumbui jirani tena, lakini mume wangu anasema nimehama nyumbani

Kwako Mshauri,

Salamu kutoka Zimmerman. Nimesoma majibu yako kwa muda mrefu na sikudhani siku moja ningeandika, maana jambo langu nikimweleza mtu ana kwa ana huanza kucheka kabla sijamaliza. Ni jambo la gitaa. Lakini limeshaingia kwenye ndoa yangu na sitaki lifike mbali zaidi.

Mimi ni mama wa binti mmoja wa miaka mitano. Nauza katika duka la dawa hapa mtaani. Mume wangu anafanya kazi kiwandani, Industrial Area, na siku nyingi anaingia nyumbani saa mbili usiku, au saa tatu foleni ya Thika Road ikiwa mbaya. Tumepanga nyumba ya chumba kimoja cha kulala, ghorofa ya tatu. Kanisani mimi ndiye mpiga besi wa kikundi cha sifa. Nilifundishwa na mjomba wangu, marehemu sasa, aliyepigia bendi za rumba hapa mjini kwa miaka mingi, na gitaa ninalotumia lilikuwa lake. Nikilishika sikumbuki kodi ya nyumba wala bosi. Mume wangu hakushtukizwa na jambo hili. Alinikuta napiga, na mwenyewe husema aliniona nimesimama kando ya mpiga dramu ndipo akauliza jina langu.

Zamani nilifanya mazoezi kwa spika ndogo ya gitaa, nikiiweka sakafuni kando ya kochi. Nilidhani naipiga kwa sauti ya chini sana, kwa sababu hata televisheni ilikuwa inaizidi. Kumbe kwa mama anayekaa chini yetu ilikuwa balaa. Ni mzee, ana presha, na alikuja mwenyewe akishikilia reli ya ngazi kunieleza kwamba hasikii wimbo wowote, anasikia dari likinguruma na vikombe vikitetemeka kabatini. Baadaye keyateka akaja na ujumbe wa mwenye nyumba. Sikubishana nao.

Zamu yangu ya chama ilipofika nikanunua ile amplifaya ndogo ya hedifoni. Inatosha kiganjani. Unaichomeka kwenye gitaa, unavaa hedifoni, na hakuna anayesikia isipokuwa wewe. Inachajiwa, kwa hivyo hata stima ikipotea naendelea. Naweza pia kuunganisha simu nikapiga pamoja na wimbo. Waya wa hedifoni ulikuwa ukimnasa mtoto akipita, basi nikatafuta Luthuli, kwenye maduka ya vifaa vya umeme mjini, kidude kinachopeleka sauti kwenye hedifoni zile ndogo za kuchomeka sikioni, zisizo na waya. Mama wa chini siku hizi akinikuta ngazini ananishika mkono na kuniombea.

Shida imehamia ndani. Mtoto akilala na mume wangu akishakula, naketi kwenye kochi kuanzia saa tatu na nusu hivi hadi saa tano. Yeye yuko hapo hapo na simu yake au mpira. Mwanzoni hakusema kitu. Sasa anasema nikivaa vitu hivyo ninakuwa nimehama, kwamba anazungumza na ukuta. Juzi aliniambia neno ambalo limenikaa: "Zamani nilikuwa nasikia muziki. Sasa nasikia nyuzi tu." Ni kweli, kwa aliye nje ya hedifoni kinachosikika ni tak, tak, tak ya vidole, saa nzima na zaidi.

Kisha kuna usiku mmoja niliinua macho nikamwona binti yangu amesimama kwenye mlango wa chumba, mdomo unasogea, ananiita, nami sisikii chochote. Alitaka maji tu. Mume wangu alikuwa bafuni. Alipotoka akaniuliza, "Na siku ambayo mimi sipo?" Sikuwa na jibu.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba hata kanisani mambo hayaendi. Kiongozi wetu wa sifa ananiambia kwa upole kwamba besi yangu imebadilika tangu mwaka jana, naweka sauti nyingi mno na naitangulia dramu kidogo. Mpiga dramu hasemi, lakini ananitazama. Nyumbani nikiwa na hedifoni kila kitu kinasikika safi na kitamu! Inakuwaje nifanye mazoezi zaidi kuliko wakati wowote halafu nipige vibaya zaidi? Nikilala, masikio yanavuma kwa muda kabla usingizi haujanichukua.

Mume wangu amependekeza gitaa likae kanisani, nifanye mazoezi huko. Lakini kanisa liko Kasarani, na siku za wiki linafunguliwa Jumatano jioni tu, wakati wa mazoezi ya kikundi. Nikisema niombe ufunguo nikae peke yangu, nitarudi na matatu saa ngapi, na mtoto nimwachie nani? Mama yangu mzazi anasema nipumzishe gitaa mpaka mtoto akue, kwamba mwanamke aliyeolewa ana kazi za kutosha. Rafiki yangu wa kazini anasema mume wangu ana wivu tu, nisimsikilize. Mimi sijui. Je, niache, nipeleke gitaa kanisani, au niendelee na hedifoni na kumwomba mume wangu anivumilie?

Mpiga Besi, Zimmerman

*

Mwanangu Mpiga Besi,

Mimi sikucheka. Nimeisoma barua yako mara kadhaa, na kwa kuwa nusu yake ni ya ndoa na nusu ni ya muziki, niliketi na mzee mmoja aliyepiga besi hapa Nairobi tangu siku za bendi za hoteli, tukaipitia pamoja. Mahali nitakapozungumzia nyuzi na masikio, ujue ujuzi mwingi ni wake.

Nikuelewe vizuri kwanza. Uliambiwa na jirani kwamba besi inamuumiza, ukamheshimu, ukatumia pesa zako mwenyewe kutafuta njia ambayo haimkosei mtu. Njia hiyo ikafaulu kwa jirani. Lakini sasa mume anahisi umeondoka ukiwa umeketi kando yake, mtoto aliita hukusikia, kanisani wanakuona umepoteza kitu, na masikio yanavuma. Na watu watatu wamekupa majibu matatu, kila mmoja akiwa na hakika. Ningekuwa mimi ningechoka pia.

Nianze na rafiki yako wa kazini, kwa sababu neno lake ndilo jepesi kulibeba na ndilo ninaloliogopa zaidi. Anasema ni wivu. Huenda anakujua vizuri, lakini mume wako hamjui kama wewe, na wewe mwenyewe umeniandikia alichosema: zamani alikuwa anasikia muziki. Isome tena taratibu. Mwanamume anayelichukia gitaa hasemi hivyo, angeshukuru kwamba limenyamaza. Huyu alikupenda ukiwa na besi mkononi, akaishi nayo miaka yote hiyo sebuleni, na siku moja ikaondolewa masikioni mwake na kubaki masikioni mwako peke yako. Sijui kama yeye mwenyewe amelifikiria hivyo. Sidai kwamba ndivyo ilivyo, maana mtu aliyechoka baada ya zamu ya kiwandani anaweza kuwa na malalamiko mengine ambayo gitaa linayafunika. Ninachouliza ni kama umewahi kumuuliza anachokikosa ni nini hasa. Ni wimbo? Ni kuzungumza nawe kabla ya kulala? Au ni kuwa na uhakika kwamba mtoto ana mtu anayemsikia? Hayo ni mambo matatu, na kila moja lina dawa yake. Ukimwomba akuvumilie kabla hujajua anavumilia nini, utakuwa umemwomba kitu kikubwa bila kujua ukubwa wake.

Ulimjulisha kabla ya kununua? Barua inasema zamu ya chama ilifika ukanunua. Pesa ni zako na sikulaumu hata kidogo. Nauliza kwa sababu kifaa hicho kilibadilisha usiku wa watu wawili, na huenda mmoja wao hakuulizwa kama yuko tayari kwa ukimya huo.

Sasa jirani. Najua umeshakubali, lakini nataka ujue kwa nini alikuwa na haki, kwa sababu litakusaidia baadaye ukitaka kuirudisha sauti kidogo nyumbani. Uzi ule mnene wa E ukipigwa wazi hutikisika takriban mara 41 kwa sekunde. Wimbi la sauti hiyo hewani lina urefu wa zaidi ya mita 8, ni refu kuliko sebule yako. Ukuta wa mawe unaozuia mazungumzo na televisheni hauwezi kulizuia wimbi kama hilo, na wewe uliiweka spika sakafuni, ambako zege la sakafu yako ndilo dari lake. Spika ilikuwa inaitikisa nyumba yake moja kwa moja bila hata kupitia hewani. Ndiyo maana alisikia ngurumo na hakusikia wimbo. Kanuni za kelele za mwaka 2009, zile zinazosimamiwa na NEMA, mamlaka ya mazingira hapa Kenya, zinahesabu usiku kuanzia saa mbili hadi saa kumi na mbili asubuhi, na kiwango cha ndani ya makazi kwa saa hizo ni desibeli 35, ambacho ni kidogo sana. Kwa hivyo usiku, spika haina nafasi katika jengo kama lenu. Mchana ni habari nyingine kidogo, na nitarudi hapo.

Kuhusu kanisa, hapa ndipo mzee wangu alipoweka chini kikombe cha chai. Nilipomsomea kwamba unatumia hedifoni zisizo na waya, alinisimamisha. Sauti inayosafiri kwa Bluetooth huchelewa. Ukitazama filamu hutambui, kwa sababu simu hurekebisha picha isubiri sauti. Lakini ukipiga uzi wewe mwenyewe, sauti yako inakufikia baada ya kidole kuondoka, mara nyingi kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kwa mpiga besi hiyo ni dahari. Unafanya nini? Bila kujijua, unaanza kupiga mapema kidogo ili sauti ikufikie kwa wakati. Ukifanya hivyo kila usiku, vidole vinazoea. Jumapili unasimama kando ya dramu, hakuna tena ucheleweshaji, na vidole bado vinatangulia. Siwezi kuapa kwamba hicho ndicho chanzo chote, lakini kinafanana mno na kile ambacho kiongozi wako amekisikia. Wimbo unaotoka kwenye simu kuingia kwenye amplifaya kwa Bluetooth hauna ubaya, maana unaufuata jinsi unavyousikia. Tatizo ni pale nyuzi zako mwenyewe zinapopita hewani kurudi sikioni. Jaribu kurudi kwenye waya kwa muda uone, hata ikibidi waya upite mgongoni na nyuma ya kochi ili mtoto asiukanyage.

Tena hizo ndogo za sikioni, zisipoziba vizuri, sauti nene ndiyo ya kwanza kupotea. Unasikia "tik" ya kidole na husikii mwili wa sauti, basi unapandisha, unapandisha, mpaka besi ipatikane. Nashuku hapo ndipo masikio yako yanapoanza kuvuma.

Na zile sauti nyingi mno? Mzee alisema ndani ya hedifoni hakuna chumba. Kila unachopiga kinasikika kikavu na safi, kinaisha pale pale, na ukimya unaobaki unakualika uujaze. Kanisani sauti nene inatanda, inagonga ukuta wa nyuma na kurudi, inakutana na kinanda na mguu wa mpiga dramu. Kilichokuwa kitamu kwenye kochi kinakuwa msongamano. Alinitajia Les Wanyika, bendi iliyoundwa hapa Nairobi mwaka 1978, na mpiga besi wao Tom Malanga. Akasema msichana aliyefunzwa na mjomba wa rumba anajua tayari jinsi besi ile inavyoacha nafasi, na jinsi nafasi hizo zinavyobeba wimbo. Usiku ukivaa hedifoni, piga pamoja na nyimbo za aina hiyo, au weka mdundo wa dramu kwenye simu, badala ya kupiga peke yako. Na ujaribu kupiga sauti moja, uikate kwa kiganja, usubiri, halafu nyingine.

Kwa hiyo ule msemo wako kwamba umefanya mazoezi zaidi na kupiga vibaya zaidi, mimi siukubali wote. Vidole vyako huenda vimekua. Kilichokosekana ni watu wa kupiga nao, na hicho hakipatikani kwenye kifaa chochote.

Turudi nyumbani, maana huko ndiko kuzito.

Ukiamua kuendelea na hedifoni, lipo la mtoto, na hilo mume wako yuko sahihi bila mjadala. Lakini hapa mambo yanavutana. Hedifoni kubwa zinazofunika sikio zima zinatoa sauti nene hata ukiweka chini, na hilo ni jema kwa masikio yako. Papo hapo zinaifungia nyumba nje kuliko hata hizo ndogo. Zipo zenye mgongo wazi, ambazo sauti ya chumba inaingia, na kinachovuja nje ni kidogo, hakiwezi kufika kwa mama wa chini, lakini nyingi zake sauti nene ni hafifu. Wapigaji wengine huacha sikio moja wazi, ila kishawishi cha kupandisha sauti kwa lile lililobaki ni kikubwa. Hakuna iliyo kamili, utachagua utakayoweza kuishi nayo. Usiketi tena mahali ambapo mlango wa chumba uko kando yako. Geuza kiti uutazame. Na usiku ambao mume wako hayupo, nadhani unajua mwenyewe kwamba masikio yote mawili si yako.

Kuna kitu kidogo ambacho huenda hujakifikiria: amplifaya hiyo ina tundu moja la hedifoni, na waya wa kugawa sauti mara mbili unapatikana huko huko Luthuli. Watu wawili wanaweza kusikiliza. Sisemi mume wako akae na hedifoni kila usiku kama mwanafunzi. Nasema siku moja unamwambia, "Njoo usikie ninachojaribu," unampa zake, unapiga ule wimbo uliokuwa ukipiga alipouliza jina lako. Anaweza kukataa. Anaweza kusema amechoka. Lakini ataacha kuwa mtu anayesikia nyuzi tu.

Na binti yako. Gitaa la besi la umeme lina mwili wa mbao ngumu, na usipoliunganisha popote sauti yake ni ndogo mno. Lakini mtoto akiweka sikio kwenye ile mbao wakati unapiga, anaisikia yote, nene na ya karibu, kupitia mfupa. Mzee wangu aliwafundisha hivyo watoto wake. Vilevile ukiegemeza kichwa cha gitaa kwenye mlango wa kabati la mbao, kabati lenyewe linakuwa spika, ya kutosha watu walio chumbani. Fanya hayo Jumamosi mchana, ukiwa umemuuliza mama wa chini kama anasikia kitu. Hata ile spika ya zamani inaweza kujaribiwa mchana, ikiwa imeinuliwa juu ya kiti chenye godoro chini yake, kwa sauti ya mazungumzo, kwa muda mfupi ambao umeafikiana naye. Ukimwendea mwenyewe kabla, jibu lake unaweza kulipokea lolote liwe. Lakini kama presha yake inasumbua, au akisema hapana kwa uso tu, iwe hapana.

Pendekezo la mume wako la gitaa kukaa kanisani usilitupe haraka kwa sababu ya ufunguo na matatu. Nadhani anajaribu kusema kwamba kuwe na mahali pa besi na mahali pa nyumbani. Hatari zake umeziona mwenyewe: safari ya usiku, mtoto, na gitaa la mjomba kukaa mahali usipoliona. Mimi naongeza moja: mazoezi yanayotegemea mlango wa mtu mwingine hufa polepole, na mtu hajui yalikufa lini. Lakini katikati ya pendekezo hilo na hali ilivyo sasa pana nafasi. Mkiongea na mpiga dramu, je, hamwezi kufika Jumatano mapema, wawili tu, kabla ya wengine? Muda mfupi na dramu ungekupa kile ambacho kochi halikupi. Usiku wa nyumbani ungepungua bila mtu kukunyang'anya. Na mume wako angeona kwamba neno lake lilisikika, hata kama hukulifuata lote.

La mama yako mzazi nimeliacha mwisho wa hizi njia kwa sababu linanigusa. Kupumzisha si kosa. Kuna wanawake waliopumzisha na wakarudi, na kuna waliofurahi kupumzika. Ikiwa umechoka kweli, ikiwa unapiga kwa sababu unaogopa kupoteza nafasi kanisani, pumziko linaweza kukufaa. Lakini barua yako haisomeki hivyo. Na sababu aliyoitoa, kwamba aliyeolewa ana kazi za kutosha, ningependa uiulize kwa heshima: angemwambia hivyo mwanawe wa kiume anayepiga besi? Simkosoi mama yako. Alilelewa katika hesabu nyingine, na huenda alipumzisha kitu chake mwenyewe zamani, hakuna aliyemuuliza ni kipi. Siku mkiwa wawili jikoni, muulize. Na ukipumzisha, jiwekeeni wewe na mume wako muda mnaoujua, kwa mfano mpaka muhula wa shule uishe, kisha mketi tena. Mpaka mtoto akue ni lini? Akifika darasa gani?

Ni wewe utakayejua lipi linawezekana katika nyumba yako. Kabla ya lolote, ningetamani mzungumze nyinyi wawili, gitaa likiwa limewekwa kando na mpira umezimwa, na uanze kwa kumuuliza badala ya kujieleza. Mwambie pia ulichoniambia mimi, kwamba ukiishika besi husahau kodi na bosi. Inawezekana anajua. Inawezekana anadhani unamsahau yeye.

Hayo yote yanaweza kusubiri mpaka mpate jioni nzuri. Masikio hayasubiri. Kuvuma kila usiku ni onyo, na kuna madhara ya sikio yasiyorudi nyuma. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha mtu mzima kuwa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda huo nusu: ukifika 89 umebakiwa na saa 5 kwa wiki nzima. Wewe, kwa saa ulizonitajia, unazimaliza mapema sana ukipandisha. Shusha sauti leo, mpaka uweze kusikia mtu akizungumza kwa kawaida chumbani. Ondoa hedifoni kila baada ya nyimbo chache. Ikifika wiki ijayo na bado yanavuma, ingia kliniki ya masikio, pua na koo ukapimwe, na uwaeleze kwamba unapiga besi, usiseme tu kwamba unasikiliza muziki. Hata binti akija kusikiliza, sauti iwe chini ya unayoitumia wewe.

Niandikie tena mkishazungumza. Nitapenda kujua alijibu nini ulipomuuliza anachokikosa.

Mshauri wako